Saa Nne na Dakika Ishirini

Mutuma alizikwa Alhamisi, kule Laare, katika shamba lake mwenyewe. Mimi nilikaa safu ya nne chini ya tenti, karibu na mama mmoja ambaye kila baada ya muda aliniuliza mimi ni wa nani katika lile boma. Nilimwambia nilifanya kazi na marehemu zamani, hospitalini. "Na wewe ulikuwa wa maabara?" akauliza. "Hapana, mimi nilikuwa wa kompyuta." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo la kusikitisha kidogo. Kisha Kathure, bintiye marehemu, akasimama kusoma historia ya maisha ya babake. Alisoma vizuri, bila kutetemeka, mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba baba yake alitumikia maabara ya hospitali kwa uaminifu miaka kumi na sita, kisha akaacha kazi kwa hiari yake na kurudi shambani. Watu wakaitikia kwa sauti ya chini, wakampongeza marehemu. Mimi niliangalia viatu vyangu. Alichosoma Kathure hakikuwa uongo. Lakini katika tenti ile yote, labda ni watu wawili tu tuliojua hiari ile ilitoka wapi, mimi na mjane, na mjane hakuwa akinitazama.

Nimerudi Embu na kwa siku nne sasa kazi hainishiki. Ofisini kwangu wako vijana watatu wanaoandika programu, wananiita Madam, na wanajua kwamba mimi ni mtu mpole mpaka mtu aguse mahali pamoja: sehemu ya seva inayobadilisha ukubwa wa faili na sifa zake. Hapo nasoma mstari kwa mstari, naudhi watu, nakataa kazi iliyokwisha. Nimewahi kumsikia mmoja akimnong'onezea mwenzake, "Madam hapo lazima aliumwa na kitu." Nilicheka, nikaendelea na chai yangu. Sikuumwa na kitu. Aliyeumwa alikuwa mtu mwingine, na meno yalikuwa yangu.

Mwaka hayo yalipotokea nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nimemaliza chuo kule Nchiru, nikaajiriwa na Bwana Nyaga, ambaye ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu na mbolea hapa Embu mjini. Bwana Nyaga alikuwa ameunda seva ya kuhifadhi mafaili, akaipeleka katika hospitali nne ndogo na shule kadhaa: kompyuta moja kubwa iliyokaa chumbani peke yake, na zile nyingine zote, za wodi na maabara na ofisi, zikisoma na kuandika kwayo kupitia waya. Alinituma niilinde ile ya hospitali moja ya kanisa, ambayo sitaitaja jina, katika milima ya Nyambene. Nilipewa chumba nyuma ya jengo la dobi. Kilikuwa cha mbao, na baridi ya milima ile iliingia kwa kila ufa; ukiamka unaona pumzi yako. Seva ilikaa katika kilichokuwa stoo ya mashuka, na mpaka leo harufu ya sabuni ya kipande hunirudishia mlio wa feni ile. Chakula tulikula wote jikoni, kwenye benchi ndefu: githeri ya mahindi na maharagwe karibu kila siku, mukimo wa viazi vya kuponda Jumatano, uji wa wimbi asubuhi katika vikombe vya bati vilivyochoma midomo. Barabarani pikapu za miraa zilipita zikipiga honi, na wapishi walizitambua kwa mlio, wakataja dereva kwa jina kabla hazijaonekana.

Mutuma alikuwa mkuu wa maabara. Alikuwa na miaka kama arobaini, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kufuta miwani kabla ya kukujibu. Hakutafuna miraa, jambo lililowashangaza watu wa kwao, na alipenda kukaa mwisho wa benchi ili aondoke bila kumsumbua mtu. Kabla sijafika walikuwa wakiandika majibu ya vipimo katika vitabu vikubwa; katibu wa hospitali akaviondoa vitabu kwa makusudi, ili watu wasipate pa kukimbilia wakiogopa kompyuta. Tangu hapo kila mgonjwa alikuwa na faili yake katika seva, na Mutuma aliandika mle kila jibu, mstari chini ya mstari, akitumia vidole viwili tu. Mara mbili au tatu mwaka huo alikuja mlangoni kwangu. "Kawira, hii sistimu yako imemeza tena."

"Imemeza nini?"

"Mstari. Niliandika, sasa haupo."

"Labda hukubonyeza kuhifadhi."

Akafuta miwani. "Nilibonyeza."

"Basi andika tena, Baba Kathure. Pole." Na mara zote alirudi, akaandika tena, bila kulalamika kwa mtu mwingine. Natamani angelalamika. Natamani angepiga kelele mpaka Metroni, mkuu wa wauguzi, asikie.

Niseme hapa kilichokuwa kikimeza, kwa sababu bila hicho hakuna mtu atakayeelewa. Kila faili ndani ya seva ina mambo mawili: yale yaliyoandikwa ndani yake, na yale yanayosemwa juu yake. Hayo ya pili ndiyo sifa: ukubwa wake, mwenyewe ni nani, nani anaruhusiwa kuandika na nani kusoma tu, na saa ilipobadilishwa mara ya mwisho. Seva ya Bwana Nyaga ilikuwa na desturi ya kutengea kila faili nafasi kubwa mapema, na nafasi hiyo ilibaki tupu mwishoni. Disiki ikaanza kujaa. Bwana Nyaga akanipigia: "Kawira, andika kitu cha kukata hiyo mikia mitupu." Nikaandika, na nilijivunia sana. Programu yangu iliamka kila baada ya saa kadhaa, ikapita faili zote ikipima kila moja maandishi yake yanaishia wapi, kisha ikarudi mwanzo na kuzikata moja moja pale ilipopima. Na kwa kuwa kompyuta za wodi zilikuwa zinaangalia saa ya faili kujua kama imebadilika, na waya ulikuwa wa polepole, nikaongeza ujanja wangu mwenyewe: baada ya kukata, programu ilirudisha ile saa ya zamani, iliyoikuta wakati wa kupima, ili wodi zisihangaike kuvuta upya faili ambayo hakuna mtu ameiandika. Bwana Nyaga alinisifu. "Hapo umefikiria kama mtu mzima," alisema. Hakuna kati yetu aliyeuliza: na je, kama mtu ataandika katikati, baada ya kupima na kabla ya kukata?

Msichana aliitwa Nkatha. Alikuwa na miaka tisa, na aliletwa na nyanya yake Jumatano moja asubuhi kwa sababu alikuwa amekonda, analala ovyo na kunywa maji bila kushiba. Kliniki ilikuwa imefurika. Mutuma alimpima malaria, akaandika jibu: anayo. Kisha akampima sukari. Daktari wa kliniki alipofungua faili alikuta mstari mmoja, wa malaria. Akadhani kwamba vifaa vya sukari vimekwisha tena, kama vilivyokuwa vikiisha kila mwezi. Akampa dawa za malaria, akamwambia nyanya amrudishe baada ya siku tatu. Nkatha alirudishwa kesho yake, amebebwa, hana fahamu, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyooza. Walipompima tena, sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi. Nakumbuka nikisimama mlangoni mwa stoo ya mashuka nikiwaona wauguzi wakikimbia na dripu, na nikimwonea huruma yule mtoto vile unavyomwonea huruma mtu ambaye shida yake haikuhusu.

Ijumaa tukaitwa katika chumba cha maombi, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na viti vya kutosha. Metroni Kagendo aliketi mbele pamoja na katibu na yule daktari. Mutuma aliketi peke yake upande wa dirisha.

"Mimi nataka kujua jambo moja tu," Metroni alisema. "Sukari ya yule mtoto ilipimwa Jumatano?"

"Ilipimwa," Mutuma akajibu. "Na niliandika. Saa tano na robo. Nakumbuka kwa sababu kengele ya chai ilikuwa imelia na sikuenda."

"Daktari hakuona kitu."

"Niliandika, Metroni."

Metroni akanigeukia. "Kawira. Faili inasema nini?"

Nilikuwa nimeichapisha karatasi kabla sijaja. Nikasoma. "Ina mstari mmoja. Na inasema ilibadilishwa mwisho saa nne na dakika ishirini."

"Saa nne na dakika ishirini. Si saa tano na robo."

"Ndiyo."

"Na kompyuta inaweza kukosea saa?"

"Hapana, Metroni," nilisema. Nilisema haraka, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Mutuma alinitazama, akavua miwani, lakini hakuifuta, aliishika tu. Jioni hiyo alipewa barua ya kukaa nyumbani mpaka uchunguzi uishe, na karibu wote katika chumba kile walijua kwamba uchunguzi ulikuwa umeshaisha.

Wakati wanaandika barua hiyo, mimi nilikuwa jikoni na sahani ya githeri ambayo sikuila. Saa nne na dakika ishirini ilikuwa inanisumbua. Nilijua vizuri kwamba seva ile haikosei saa. Lakini nilijua pia kwamba kulikuwa na kitu kimoja humo ndani kinachoandika saa kwa mkono, na kitu hicho nilikiumba mimi. Nikaacha sahani, nikaenda stooni, nikafungua orodha ya kazi za programu yangu. Jumatano ilianza kupima saa tano na dakika kumi. Ilimaliza kukata saa tano na dakika ishirini na mbili. Nikakaa chini kwenye sakafu. Halafu nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya kabla sijaipeleka kokote: nikaunda faili ya mgonjwa asiyekuwepo, nikaianzisha programu kwa mkono, na ilipokuwa bado inapima zile nyingine nikaandika mstari mpya. Kwenye skrini yangu mstari ulionekana, kwa sababu kompyuta niliyoandikia ilikuwa bado inashikilia nakala yake, kama ilivyokuwa kwa Mutuma siku ile. Nikangoja. Programu ikakata. Nikaifungua faili kutoka seva. Mstari haukuwepo, na saa ilionyesha kwamba hakuna mtu aliyeigusa. Nilirudia mara nne. Mara nne nikapata jibu lile lile. Kupoteza mstari lilikuwa kosa, na makosa hutokea. Lakini kurudisha ile saa ndiko kulikomfunga Mutuma. Faili ilikuwa imekatwa ulimi, kisha ikafundishwa kusema kwamba haijawahi kuwa nao.

Leo vijana wangu wakikosea, wanakuja kuniambia kabla chai haijapoa, na nadhani ni kwa sababu nimewazoesha hivyo. Mimi wakati ule sikuwa na ujasiri huo. Nilizima programu, hilo nilifanya palepale, kisha nikampigia Bwana Nyaga. Akasikiliza mpaka mwisho. "Usiseme kitu," akasema. "Njoo Embu Jumatatu." Na mimi nikashukuru. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika: nilishukuru kwa kupewa ruhusa ya kunyamaza mpaka Jumatatu.

Nilimkuta ofisini akila mahindi ya kuchemsha, na akanipa moja, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Tulipitia programu pamoja, kidole chake kikishuka kwenye karatasi. Alipofika pale pa kurudisha saa, kidole kikasimama. "Hii nilikusifu," akasema.

"Ndiyo."

Chini tulisikia watu wakibishana na mwenye duka juu ya mbegu za maharagwe. "Sikiliza, Kawira. Tukisema hili, hospitali zote zitazitupa seva nje. Miaka saba ya kazi yangu. Rekebisha, kimya kimya. Yule mtu watamrudisha. Hawa watu wa kanisa husamehe."

"Watamsamehe nini, Bwana Nyaga? Hakufanya kitu."

Aligeuza uso akatazama dirishani, na mimi sikuuliza tena. Nilirudi milimani Jumanne na maagizo yake. Kila siku niliamka nikisema nitamwendea Metroni baada ya uji, na baada ya uji nikasema baada ya chakula cha mchana. Nilisikia jina langu kila mlango ulipofunguka. Nkatha alikuwa amezinduka Jumamosi ile ya kwanza, lakini alikuwa bado wodini, anajifunza kudungwa sindano za insulini, na kila nilipopita dirisha la wodi ya watoto nilihesabu vitanda mpaka nione kichwa chake.

Alhamisi nikasikia wapishi wawili wakizungumza, wakimenya viazi, migongo yao kwangu. "Ni miraa," mmoja alisema. "Mtu wa Laare akikuambia hatafuni, jua anatafunia ndani ya nyumba."

"Lakini Mutuma sijawahi kumwona."

"Basi mbona alisahau? Mtu haandiki, halafu anasema ameandika. Hiyo ni akili ya miraa." Na yule wa pili, aliyekuwa akimtetea, akasema, "Kweli hiyo," na wakaendelea kumenya. Hivyo tu. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Jumamosi nyanya ya Nkatha akanisimamisha kwenye ujia wa wodi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye leso ya kichwani iliyofungwa kwa nguvu, na alizungumza nami Kimeru. Alikuwa amesikia kwamba mimi nafanya kazi na yule mtu wa damu. "Mwambie nimemsamehe," akasema. "Nimeomba siku nane, na leo nimeweza. Mwambie asiendelee kuogopa." Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Nilisema nitamwambia. Nilikwenda chumbani kwangu nikafunga mlango mchana kweupe.

Kesho yake kanisani, Mutuma alikuja na mkewe na watoto wao, wakaketi benchi lao la siku zote, la tatu kutoka mbele. Muuguzi mmoja na mumewe, ambao kila Jumapili walikaa nao, walifika, wakasita, wakapita na kukaa nyuma. Benchi likabaki nusu tupu ibada yote. Mkewe Mutuma aliimba kila wimbo mpaka mwisho, shingo wima. Mimi nilikuwa nyuma yao safu mbili tu, na sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Baada ya ibada nilipanda boda mpaka Laare. Nilimkuta Mutuma uani, amevua shati la kanisani, anapanga kuni. Mkewe, Mama Kathure, alinikaribisha kwa salamu ya "Muga" ya upole, akaniwekea kiti na kikombe cha chai na sahani ya nduma, magimbi ya kuchemsha, na hilo lilinifanya nitamani kuondoka. Sikugusa nduma. Nilimweleza Mutuma kila kitu: kupima, kukata, saa niliyoirudisha, majaribio yangu manne. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Alisikiliza ameshika kipande cha kuni. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile Ijumaa. Jioni yake."

Akahesabu kimya, niliona midomo ikisogea. "Siku tisa."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo leo asubuhi, pale kanisani, ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Baba Kathure."

Mama Kathure, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja, akaichukua sahani ya nduma mbele yangu, akaingia nayo ndani. Mutuma akaiweka ile kuni juu ya nyingine, akailinganisha vizuri na zile za chini. "Nenda ukawaambie," akasema. "Mimi tayari niliwaambia."

Nikawaambia Jumatatu, katika chumba kile kile cha maombi. Nilibeba kompyuta, nikawaonyesha mstari ukiandikwa, ukikatwa, na saa ikirudi nyuma. Ilibidi niwaonyeshe mara mbili kwa sababu katibu hakuamini. Metroni Kagendo aliamini mara ya kwanza.

"Nilikuuliza kama kompyuta inaweza kukosea saa," alisema.

"Ndiyo, Metroni."

"Ukasema hapana."

"Ndiyo."

Aliandika kitu katika daftari lake, kirefu, na mpaka leo sijui ni nini. Kisha nikaenda wodini kwa nyanya ya Nkatha, nikamweleza kwa Kimeru, bila maneno ya kompyuta: kwamba yule mtu aliandika, na mimi nikafuta bila kujua, na nilipojua nikanyamaza. Mtoto alikuwa ameketi kitandani akila ugali na mboga, ananitazama. Bibi yule aliikaza leso yake kichwani. "Basi nimemsamehe mtu bure," akasema. "Wewe nitakusamehe, lakini ningoje. Sasa kwanza lazima nikamwombe yeye msamaha." Na alikwenda, kwa miguu, siku hiyohiyo, akiwa ameshika mwavuli.

Bwana Nyaga alifika Jumatano. Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu, nikijua nafukuzwa. Alinikuta stooni, akatazama begi, akasema, "Hiyo weka chini. Nani ataandika upya?" Alikuwa na hasira nami, na nafikiri alikuwa na hasira zaidi na mtu mwingine. Katika mkutano wa hospitali alisimama akasema programu iliandikwa na mimi lakini ilipitishwa na yeye, na kwamba alipojua alinikataza kusema. Hospitali mbili kati ya nne zilirudisha seva. Tuliandika upya majuma matatu, yeye upande huu wa meza mimi upande ule. Sasa anayetaka kubadilisha ukubwa wa faili lazima kwanza awazuie wengine wasiandike. Kisha aseme faili ilikuwa na saa gani alipoiona, na kama saa hiyo imebadilika, seva inamkatalia na kumwambia aanze tena. Seva haijibu "tayari" mpaka iwe imeandika kwenye disiki kweli, si kwenye kumbukumbu inayopotea umeme ukikatika. Na saa ya mabadiliko huwekwa na seva yenyewe. Hakuna mtu anayeweza kuirudisha nyuma, hata mimi, hata Bwana Nyaga. Mambo haya yaliandikwa katika vitabu muda mrefu kabla sijazaliwa kwenye kazi hii. Niliyasoma Nchiru, na nilipata alama nzuri.

Barua ya kumrudisha Mutuma kazini iliandikwa kwa lugha ya heshima, ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote. Alikuja mwisho wa mwezi, Jumatatu, amevaa koti lake jeupe lililopigwa pasi. Watu walimpa mkono, wapishi wakamwekea uji kwenye kikombe kisicho na mbonyeo. Alikunywa, akasema asante, kisha akaja mlangoni kwangu.

"Naweza kuiona ile faili?"

Nikaifungua. Mstari mmoja wa malaria. Nikamwonyesha sifa zake: ukubwa wake mdogo, na saa, saa nne na dakika ishirini. Aliitazama kwa muda mrefu. Mimi, kwa kutaka kumfurahisha, kwa kutaka sana kumfurahisha, nikasema, "Ile seva ya zamani bado ninayo. Naweza kuiweka faili humo, niandike mstari wako, niiwekee saa tano na robo ya siku ile. Itakuwa kama ulivyosema."

Akafuta miwani. "Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Hapana," akasema. "Iache."

Nilidhani ataondoka, lakini alivuta kiti. Alisema, bila kunitazama, kwamba hakuwa amekuja kukaa. Barua yake ya kuacha kazi ilikuwa mfukoni. "Si kwa sababu yako," akasema. "Wewe ulikosea, ukaogopa, ukasema. Lakini Kawira, miaka kumi na sita. Siku ile katika kile chumba nilingoja mtu mmoja aseme, huyu hawezi. Mmoja tu. Hata bila ushahidi." Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwemo.

Kisha akasogeza kibodi kwake, akaandika kwa vidole viwili, polepole, chini ya ule mstari wa malaria: *Sukari ya damu, ishirini na nane nukta nne. Ilipimwa siku ile, saa tano na robo. Imeandikwa leo. Mutuma.* Akasoma aliyoandika, akarekebisha nukta moja, akabonyeza kuhifadhi. "Sasa nionyeshe," akasema.

Nikamfungulia sifa tena. Faili ilikuwa imekua kwa kiasi cha mstari mmoja, na saa yake ilikuwa ya asubuhi hiyo, saa tatu na dakika hamsini. Aliigusa skrini kwa kidole, pale kwenye saa, kama mtu anayehakikisha rangi imekauka. Akasema, "Sawa." Akavua koti jeupe, akalikunja mara mbili, akaliacha juu ya kiti, na kwenda kumtafuta Metroni.